Korongo Domo-wazi na Marere: Unalinganishaje Ndege na Kuvumwani?

Kulinganisha ndege na ndege ni kazi nyepesi. Unapima miguu, unatazama mdomo, unahesabu mayai. Ugumu huanza mwanafunzi wa biolojia anapowekewa mezani picha ya korongo na kipande cha kijivu cha kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi kama kitu kimoja, kilichodondoka kutoka kwenye gome la mchu (aina ya mkoko), akaambiwa aandike yanayofanana na yanayotofautiana. Wengi hujaza ukurasa mzima: huyu anaruka, hiki hakiruki, huyu ana damu, hiki hakina, vyote ni viumbe hai. Yote ni kweli, na hakuna kilichoeleweka.

Kosa liko kwenye kipimo. Orodha ya tofauti kati ya ndege na kitu kisicho mnyama wala mmea haina mwisho, kwa hiyo haifundishi. Yapo maswali machache tu ambayo yanaweza kuulizwa kwa wote wawili na yakajibika: jina lake linataja nini hasa, chakula kinapatikanaje, maji yakikosekana hufanya nini, na kikitoweka mahali, habari hiyo ni ya lini. Hili la mwisho ndilo linalowapotosha hata watu wazima wanaofanya kazi ya mazingira.

Mfano wetu ni wa Bagamoyo. Ndege ni korongo domo-wazi, Anastomus lamelligerus, anayeonekana kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi ya bonde la Ruvu. Kuvumwani ni marere, Roccella montagnei, yanayoning'inia kwenye mikoko, mibuyu na minazi ya ukanda wa bahari.

Jina la mmoja na jina la wawili

Korongo huyu ana urefu wa sentimita 80 hadi 94 na uzito wa kilo 1 hadi 1.3. Kwa mbali ni mweusi mtupu. Kwa karibu, jua likimpiga, manyoya hutoa mng'ao wa kijani na zambarau. Jina lamelligerus lina maana ya mbeba vibamba, kwa sababu vinyoya vya shingo na kifua chake vina ncha ngumu zinazong'aa kama vibamba vyembamba. Wanaoanza kuangalia ndege humchanganya na kwarara. Tazama mdomo: wa kwarara ni mwembamba na umepinda kuelekea chini, wa korongo ni mnene na ukifungwa bado unaona mwanga ukipita katikati. Akiwa angani, tazama shingo. Korongo huinyoosha mbele, kulasitara huikunja.

Jina hilo la kisayansi linamtaja mnyama mmoja, kutoka mdomoni hadi kwenye kucha. Kwa marere mambo hayako hivyo.

Marere ni vipande bapa vya kijivu au kijivu cha samawati, vilivyogawanyika kama utepe uliochanwa, vinavyoshika gome kwa kitako kidogo na kuning'inia sentimita chache, vingine zaidi ya 10. Ukivikata na kuvitazama kwa hadubini, unakuta nyuzi za kuvu zimefumwa zikawa ngozi ya nje na kiini cha ndani, na katikati ya nyuzi hizo kuna chembe za mwani. Kuvu imejenga nyumba, mwani unapika. Neno kuvumwani linasema ukweli huo waziwazi kuliko majina ya lugha nyingi.

Mwani huo si ule unaolimwa Mlingotini na kuanikwa juani. Ule ni mwani wa bahari, unaoshikika kwa mkono. Huu ni wa kijani, mdogo usioonekana kwa jicho, wa jenasi Trentepohlia. Na ingawa ni wa kijani kwa ukoo, hubeba karotini nyingi kiasi cha kuonekana wa rangi ya machungwa. Ukikwangua utepe mbichi wa marere kwa ukucha, mara nyingi rangi hiyo hujitokeza. Jamaa zake huishi pia peke yao, bila kuvu, na ndio hupaka mashina ya miti na kuta za mawe mabaka yanayofanana na kutu.

Sasa jina Roccella montagnei ni la nani kati ya hao wawili? Kwa kanuni za kimataifa za majina ya kuvu na mimea, jina la kuvumwani ni la kuvu peke yake. Mwani una jina lake. Hivyo unapoandika "spishi ya korongo na spishi ya kuvumwani", upande mmoja umemtaja kiumbe mzima, upande wa pili umemtaja mwenye nyumba ukamwacha mpishi. Karibu kila jedwali la ulinganisho tunaloliona limeteleza hapo kabla ya kufika mstari wa pili.

Wanasayansi wenyewe walichelewa kukubali. Simon Schwendener wa Uswisi alipotangaza katika miaka ya 1860 kwamba kuvumwani ni viumbe wawili, mabingwa wa fani hiyo walimcheka. Mmoja wa waliokataa hadi mwisho alikuwa William Nylander, mtu yule yule aliyekuwa ameona mwaka 1866 kwamba kuvumwani za Paris zilikuwa zikitoweka kwa sababu ya hewa chafu. Aliona kuvumwani zinasema nini kuhusu hewa, akashindwa kuona kwamba wasemaji ni wawili.

Kufungua kilichofungwa

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na nyama. Korongo na kuvu wote wanaishi kwa kula kilichotengenezwa na mwingine, na wote wana chombo maalumu cha kukifikia.

Chakula cha korongo domo-wazi ni konokono wakubwa wa maji baridi, hasa wa jenasi Pila na Lanistes, pamoja na kome wa maji baridi. Konokono wa Pila akishtuka hujivuta ndani na kufunga mlango kwa kifuniko kigumu. Watu wengi wakiuona mwanya wa mdomo hudhani ndege humweka konokono pale na kumpasua kama koleo linavyopasua karanga. Kinachoiua dhana hiyo ni magamba yenyewe: nenda kwenye tuta la jaruba ambako korongo wamekula asubuhi, utaokota magamba mengi mazima, baadhi yamemeguka kidogo tu kwenye ukingo. Korongo hapasui. Anakata.

Kazi huenda hivi. Ndege hutembea polepole kwenye maji ya kina kifupi akipapasa tope kwa ncha ya mdomo, maana kwenye maji ya mpunga macho hayasaidii sana. Akigusa konokono, humbana chini kwa taya la juu asiteleze. Kingo za taya hilo zina vijisugu vidogo vigumu vinavyoshika gamba lenye utelezi. Kisha ncha ya taya la chini, nyembamba na kali kama kisu cha kuparia, huingizwa mlangoni pembeni mwa kifuniko hadi kwenye msuli unaomshikisha konokono na nguzo ya ndani ya gamba. Msuli ukikatwa, konokono hana tena cha kujishikia. Ndege hutikisa kichwa, nyama hutoka, gamba hubaki.

Mwanya wenyewe basi ni wa nini? Vifaranga huanguliwa na mdomo ulionyooka usio na mwanya, na mwanya hujitokeza kadiri miaka inavyokwenda. Makinda ambao bado hawana mwanya huweza kula konokono. Kwa hiyo mwanya si sharti la kula. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kupinda kwa taya huziwezesha ncha zikutane kwa pembe nzuri na nguvu zaidi. Pwani mwanya wa meno ni urembo. Kwa korongo ni umri na kazi.

Jambo moja la kuweka sawa, kwa sababu husemwa sana mashuleni: korongo huyu hatuondolei kichocho. Konokono wanaobeba kichocho cha mkojo ukanda wa pwani ni wa jenasi Bulinus, wadogo, na korongo hutafuta wakubwa wenye nyama. Msifu kwa mengine.

Kuvu ya marere nayo ina chakula kilichofungwa, lakini kimefungwa ndani ya chembe za mwani. Haiwezi kutengeneza sukari. Mwani unaweza, kwa jua. Nyuzi za kuvu hubana chembe za mwani kwa karibu na kuzifanya zivujishe sehemu kubwa ya sukari zinayoitengeneza. Mwani wa Trentepohlia hutoa sukari ya aina ya erithritoli. Iweke akilini, tutaikuta tena kwenye rangi.

Tofauti iliyo muhimu hapa ni kwamba korongo akila humaliza chakula chenyewe. Konokono aliyeliwa hayupo tena, na ndege lazima ahame shamba. Kuvu haimmalizi mpishi wake. Ikimmaliza, nayo imekufa. Vitabu vingi huishia hapo na kuita uhusiano huo ushirikiano wa kufaidiana, nasi tunadhani neno hilo ni la ukarimu mno. Trentepohlia huishi vizuri bila kuvu. Kuvu ya Roccella haionekani ikiishi porini bila mwani. Anayemhitaji mwenzake zaidi anajulikana.

Maji yanapokauka

Mwisho wa kiangazi madimbwi ya Ruvu hupasuka nyufa. Konokono wa Pila na Lanistes hujizika kwenye tope, wakafunga vifuniko na kusubiri mvua. Korongo hawezi kuwasubiri. Hupanda hewa ya joto inayoinuka saa za jua kali, akazunguka bila kupiga mbawa, kisha akaelekea kwenye maji mengine. Ni mhamaji wa ndani ya Afrika, anayefuata mvua na mafuriko. Palipo na viboko huwatumia kama jembe: husimama karibu nao, au juu ya migongo yao, akiwaokota konokono wanaofukuliwa na miguu.

Jua likiwa kali zaidi ana njia nyingine ya kupoza mwili, isiyopendeza kusimuliwa mezani: hujinyea miguuni. Kinyesi chenye maji kikikauka kwenye ngozi huondoa joto, na miguu myeusi huonekana imepakwa chokaa. Waongoza watalii, msiwaambie wageni kwamba ndege anaumwa.

Marere hayaendi popote. Hayana mizizi, hayana mishipa ya maji, wala ngozi ya kuzuia maji yasitoke. Hewa ikikauka yanakauka. Maji ndani yake yanaweza kushuka chini ya asilimia 20 ya uzito mkavu, kiwango ambacho kingeua jani la mchicha mara moja. Shughuli zote husimama. Umande ukishuka, au hata unyevu tu wa hewa ya alfajiri, vipande hulainika, mwani huamka na kuanza kutengeneza sukari, hadi jua la saa nne litakapoyakausha tena. Kuvumwani zenye mwani wa kijani zinaweza kuamshwa na mvuke wa hewani bila tone la maji, na hilo ndilo linalozifaa pwani ambako asubuhi huwa na unyevu hata katikati ya kiangazi.

Korongo basi huikimbia njaa kwa mbawa, marere huikimbia kwa kulala. Matokeo yake huonekana kwenye saa. Korongo domo-wazi hutaga mayai 3 hadi 4 kwenye kiota cha vijiti na matete, ndani ya kundi. Huatamia siku 25 hadi 30, na makinda huruka wakiwa na siku 50 hadi 55. Kwa miezi mitatu familia nzima imekamilika, almuradi mvua imenyesha na konokono wapo. Kuvumwani nyingi hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka, kwa sababu hufanya kazi saa chache za kila siku. Utepe wa sentimita 10 unaouona kwenye mchu ni mkusanyiko wa alfajiri za miaka mingi.

Kuhusu uzazi wa marere, inatosha kusema hivi: kuvu inaweza kutoa vijimbegu vyake, lakini vikitua mahali pasipo mwani unaofaa havifiki popote. Njia ya mkato ni vumbi jepesi linalotoka kwenye kingo na uso wa tepe, ambalo kila punje yake imebeba nyuzi za kuvu na chembe za mwani kwa pamoja. Upepo au mguu wa ndege hutosha kulisafirisha.

Rangi iliyofichwa

Kila aliyesoma kemia kidato cha kwanza amewahi kushika ndugu wa marere bila kujua. Karatasi ya litimasi, ile inayokuwa nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye besi, ilipata rangi yake kwenye kuvumwani za jenasi Roccella. Na karne ya 19, kabla ya rangi za viwandani, marere yalikuwa bidhaa halisi ya pwani hii: yalibanduliwa kwenye miti, yakafungwa mizigo, yakauzwa Zanzibar na kupelekwa Ulaya kutia nguo rangi ya zambarau.

Ajabu ni kwamba zambarau hiyo haimo ndani ya marere. Ukiyachemsha kwa maji unapata mchuzi wa kahawia usio na maana. Kilichomo ni dutu isiyo na rangi, hasa erithrini, ambayo ni asidi ya lekanoriki iliyoungana na erithritoli, ile sukari ya mwani. Ili rangi itoke, hatua mbili lazima zipite. Kwanza besi huivunja dutu hiyo hadi ibaki orsinoli. Pili orsinoli hukutana na amonia na oksijeni ya hewani, na hapo ndipo huzaliwa oseini, yenye rangi ya zambarau. Zamani amonia ilitoka kwenye mkojo uliovundikwa na chokaa ikaongezwa. Wanaotengeneza litimasi waliongeza kabonati ya potasiamu pia.

Kwa onyesho la darasani, gramu 5 za vipande vilivyoanguka vyenyewe zinatosha. Visage vikiwa vikavu, uvitie kwenye chupa ya kioo ya mililita 300, kisha umimine mililita 100 za mchanganyiko wa sehemu moja ya amonia ya kusafishia na sehemu mbili za maji. Theluthi mbili za chupa zibaki tupu, kwa sababu hewa ni kiungo kama vilivyo vingine. Tikisa mara tatu au nne kwa siku wiki ya kwanza, baadaye mara moja, na kila siku fungua kifuniko dakika chache mahali penye upepo ili hewa mpya iingie. Weka kivulini. Rangi huanza kahawia, ikaja nyekundu ya divai, na baada ya wiki tatu au nne huwa zambarau ya kutumika; wenye subira hufika wiki 16.

Inapoharibika, sababu huwa zile zile. Chupa iliyojazwa pomoni na kufungwa kabisa hubaki kahawia, maana oksijeni imekwisha. Chupa iliyoachwa wazi siku nzima hupoteza amonia. Iliyowekwa juani hupikika, rangi ikafa. Na aliyekusanya kuvumwani nyingine ya kijivu akidhani ni marere atatikisa miezi minne bila kitu.

Kisha kuna kukatishwa tamaa kwa kitambaa. Oseini hushika sufu na hariri bila kuhitaji dawa ya kushikiza rangi, kwa sababu nyuzi hizo ni protini. Kanga na leso ni pamba, na pamba haiishiki. Utapata rangi hafifu inayotoka maji ya kwanza. Hata kwenye hariri rangi hufifia juani. Ukidondosha ndimu itaelekea wekundu, ukitia magadi itaelekea buluu, jambo ambalo kwa fundi wa nguo ni kasoro na kwa mwalimu wa kemia ni neema. Mwaka 1856 William Henry Perkin alipotengeneza zambarau ya lami ya makaa ya mawe huko London, njia ya rangi za viwandani ilifunguka, na biashara ya marere haikuweza kushindana nazo. Oseini ilibaki maabara, ambako bado hutumika kupaka rangi kromosomu zionekane kwenye hadubini.

Korongo hana kitu cha kulinganishwa na haya. Rangi yake imo kwenye manyoya, na mng'ao wake ni mchezo wa mwanga. Hapa ulinganisho usilazimishwe.

Habari ya lini?

Turudi kwenye lile swali la mwisho. Ukifika jaruba la Ruvu na hukuti korongo hata mmoja, umejua nini? Kidogo sana. Huenda shamba limekaushwa wiki iliyopita, huenda mpunga umerefuka wakashindwa kutembea, huenda mvua imenyesha kwingine. Kutokuwepo kwa korongo ni habari ya juzi. Kinyume chake, shina la mchu lililokuwa na marere na sasa ni tupu linatoa habari ya miaka, na hata sababu ikiondolewa leo, halitavikwa tena kwa msimu mmoja.

Pia hawasomi kitu kimoja. Korongo, kupitia konokono, husoma maji na tope: kama yapo, yamekaa muda gani, yana sumu au la. Marere husoma hewa, kwa sababu kila kitu hukiingiza kutoka hewani bila mlango wa kuchuja. Tumeona ripoti zinazosema "korongo wapo, kwa hiyo mazingira ni safi", huku moshi wa tanuri za mkaa ukipita juu ya mikoko. Shahidi mmoja hawezi kusema kwa niaba ya mwenzake.

Kwa wanaotaka kuhesabu kwa utaratibu, korongo huhesabiwa kutoka sehemu moja ile ile, asubuhi, dakika 30, na pamoja na idadi uandike hali ya shamba: limejaa maji, linalimwa, limepandwa, limevunwa. Bila maelezo hayo namba haina kazi, kwa sababu korongo hufurika siku trekta linapogeuza tope na kupotea wiki inayofuata. Okota magamba kando ya tuta, tenga mazima na yaliyovunjika. Ukikuta konokono wengi wamekufa wakiwa na nyama yao, usiwashike kwa mkono mtupu. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watega ndege walijulikana kwa kutia kabofurani, dawa ya kuua wadudu, ndani ya konokono ili wawaue korongo domo-wazi na kuwauza kama kitoweo. Sumu hiyo haichagui kati ya ndege, mbwa na mlaji.

Marere hupimwa kwa fremu ya waya ya sentimita 10 kwa 50 iliyogawanywa viraba vitano, ikiwekwa wima kwenye shina, ukingo wa chini ukiwa mita 1 kutoka ardhini, mara nne kwa kila mti: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Hesabu ni ya viraba vilivyo na marere, siyo ya vipande. Hivyo kila mti hupata alama 0 hadi 20. Chagua miti ya aina moja yenye shina lililosimama wima. Mkoko wenye mizizi ya magongo haufai kwa kipimo hicho. Tumia mchu, na hakikisha maji ya bamvua hayafiki kwenye fremu. Piga picha na rula kando, saa ile ile ya siku, kwani marere yaliyolowa huonekana ya kijani zaidi na mtu akadhani yameongezeka. Usichukue jedwali la kusomea hewa lililotengenezwa Uingereza ukalitumia Kaole: spishi si zile, gome si lile, na chumvi ya bahari haimo ndani ya hesabu yake.

Kuna mahali ambapo viumbe hawa wawili hugusana kweli, na ndipo vipimo huharibika. Miti wanayolala korongo hunyeshewa kinyesi kila usiku. Kinyesi hicho kina nitrojeni nyingi na hutoa amonia, na kuvumwani zisizoivumilia hupungua huku nyingine zinazoipenda zikichukua nafasi. Mti wa namna hiyo ukiingia kwenye sampuli utaonekana kama umepigwa na hewa chafu ya viwanda. Tazama juu kabla hujafunga fremu, na uache miti yote iliyo chini ya malalo.

Kuhakikisha kwamba ulichokiona ni marere, dondosha tone moja la jiki juu ya ngozi ya utepe mkavu. Erithrini huligeuza jekundu ndani ya sekunde chache, kisha wekundu hupotea, kwa hiyo usigeuke kuongea na mwenzako. Dondosha tone jingine kwenye gome tupu. Nalo likiwa jekundu, kinachojibu ni gome. Jiki iliyokaa juani au kwenye chupa iliyofunguliwa miezi mingi haitoi kitu, nawe utayakataa marere halali. Mahali lilipodondoka tone hufa, kwa hiyo tumia kipande kilichoanguka, kikiwa juu ya karatasi nyeupe. Na chupa ya jiki isikae kamwe meza moja na ile chupa ya amonia ya kutengenezea rangi: zikimwagikiana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na darasa zima litalazimika kutoka nje.